Unamnunulia Nani?

Kila niliyemwambia kuwa natafuta Playstation aliniuliza namnunulia nani. Wengine walikisia wenyewe: mdogo wangu wa kiume, mpwa, mchumba. Nina miaka 26, nasoma shahada ya uzamili, na akiba ile niliiweka kwa miezi saba. Nilikuwa najinunulia mimi.

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Utotoni, mvua ikishika, wavulana walikimbilia kibanda cha gemu, kwenye Playstation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Sisi wasichana tulikimbilia nyumbani, ndizi hazijamenywa. Hakuna aliyetukataza kuingia kibandani. Hakuna pia aliyetusogezea benchi.

Kuchagua kulinichukua wiki kadhaa. Playstation 5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na aina mbili, na ile ya bei nafuu haina mahali pa kuingizia diski. Kila gemu unaipakua. Gemu moja inaweza kupita gigabaiti 50. Kwa bando la mwanafunzi, hiyo ni anasa. Diski unaazima, unabadilishana na mwenzako, ukiichoka unaiuza. Nikaamua kuchukua Playstation 4 iliyotumika, yenye sehemu ya diski, na pesa iliyobaki ninunulie stabilaiza, maana umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo.

Nilishuka Mbeya mjini na daladala.

“Dada, dogo anapenda gemu gani?” muuzaji aliuliza.

“Dogo ni mimi.”

Alicheka, akanisogezea boksi la diski. Nilipochomoa FIFA 16 alishangaa: hiyo si ya zamani sana? Ni ya 2015, ndiyo. Lakini ndiyo ya kwanza katika mfululizo wake kuwa na timu za wanawake: timu za taifa 12, na Afrika haina hata moja. Nililipa.

Jioni ile nilichagua Brazil. Mama alichungulia kutoka jikoni.

“Hao ni wasichana?”

“Ndiyo, mama.”

Alikuja na beseni lake la ndizi, akaketi kando yangu, akaendelea kumenya huku macho yako kwenye runinga.

“Sasa huyo mwenye mpira,” akasema, “anasubiri nini?”