Jiko jipya, dohani ya zamani

Haya wasomaji, leo tuache msimbo kidogo tuzungumzie moshi. Nyumba tunayopanga hapa Donholm ina dohani ya matofali ambayo kwa miaka imekuwa gesti ya ndege. Julai ya Nairobi si mchezo, tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Mama alipokuja kutoka ushago aliomba jiko la makaa liwekwe chumbani usiku. Nikakataa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kuna watu wamelala nayo wasiamke. Nikanunua jiko la kuni la chuma, mwenye nyumba akaridhia.

Fundi alitaka kuchomeka bomba kwenye tundu, kuziba kwa saruji na kuwasha. "Mkubwa, moshi unajua njia yake." Mimi nimeunganisha programu mpya na mifumo ya zamani mara nyingi, najua balaa hukaa kwenye kiungo. Tukapima. Bomba lina kipenyo cha sentimita 15, eneo lake kama sentimita 177 za mraba. Ndani ya dohani ni 30 kwa 30, yaani 900. Moshi ukiingia ukumbi mkubwa mara tano hivi hupunguza mwendo, hupoa, hukosa nguvu ya kupanda. Huacha lami nyeusi ukutani, ambayo inaweza kushika moto siku moja, au hurudi sebuleni.

Kwa hiyo bomba la stenlesi, lililokunjwa Kamukunji, likapanda ndani ya dohani hadi juu ya paa, na kofia ya kuzuia mvua na ndege. (Kiota kilikuwa kitupu, msiniandikie.)

Ubishi ulikuwa kwenye maungio. Fundi alitaka kipande cha chini kiingie ndani ya cha juu, moshi usivuje. Nikasema la, cha juu kiingie ndani ya cha chini. Bomba linalovuta vizuri hunyonya hewa kwenye maungio. Kinachoshuka ni lami, na heri irudi jikoni kuliko kuchuruzika nje. Akafikiri. "Kumbe ni kama mfereji wa mvua." Hasa.

Kabla ya kuni, kavu kabisa, tuliwasha gazeti kupasha bomba joto. Mwali ukainama kuelekea ndani, Mama akavuta kiti. Ukutani nimetundika kengele ya kaboni monoksaidi. Anaiita redio bubu, na ameshaniuliza mara mbili kama ina betri.