Maandishi na Mwanga Katika Mchoro wa Darasa

Mwaka jana, muhula wa kwanza ulipokuwa ukielekea ukingoni, shule moja ya msingi iliyo jirani na chuo chetu ilikuwa ikijiandaa kujenga chumba kimoja cha darasa kwa nguvu za wazazi. Michoro rasmi ya jengo ilitarajiwa kutoka kwa mhandisi wa halmashauri. Hata hivyo kamati ya shule ilituomba tuwachoree picha ya chumba hicho, ili wazazi waone kitu wanachokichangia, na ili walimu waamue ubao utakaa wapi na baraza itakuwa upande gani. Tulilipokea ombi hilo kwa furaha. Chuo kilikuwa na kompyuta chache zenye AutoCAD, programu ya kuchorea iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na wanachuo kumi na wanne wa mwaka wa pili walikuwa wakijifunza kuitumia katika kutengeneza zana za kufundishia. Tukaona hapa pana kazi ya kweli, wala si zoezi la kujaza kipindi.

Hatuandiki makala haya kwa sababu kazi ilikwenda vizuri. Iliharibika mara kadhaa, na aghalabu sisi wakufunzi ndio tuliokuwa wa mwisho kutambua kasoro iko wapi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya herufi. Wanachuo walikichora chumba kwa vipimo vyake halisi, mita 8 kwa mita 6, kila milimita ya jengo ikiwa milimita moja katika kompyuta. Walipochapa karatasi ya kwanza kwa skeli ya 1:50, kuta zilitokea barabara, milango na madirisha yakaonekana, lakini maandishi hayakuwapo. Mahali palipoandikwa "ubao" palikuwa na alama mfano wa kinyesi cha nzi. Sababu haikuwa ngumu kuieleza. Herufi zilikuwa zimepewa kimo cha milimita 2.5. Kimo hicho chafaa kwa karatasi, bali ndani ya chumba cha mita 8 herufi ya namna hiyo ni sawa na punje ya mtama iliyodondoka sakafuni. Ukiipunguza mara 50 yabaki sehemu ya ishirini ya milimita, na hakuna jicho litakaloisoma. Ili isomeke kwa milimita 2.5 juu ya karatasi ya skeli ya 1:50, yapasa iandikwe katika mchoro kwa kimo cha milimita 125. Tuliyaeleza hayo ubaoni kwa ufasaha tuliojivunia, tukawaagiza wanachuo waandike upya, tukaenda zetu.

Siku mbili baadaye karatasi nyingine ilichapwa, na vinyesi vya nzi vilikuwa pale pale. Tulikasirika. Tuliwauliza wanachuo kama walikuwa wamesikiliza somo au walikuwa wamesinzia. Mmoja wao, kijana mpole asiyezoea kujibizana na wakubwa, akasema, "Haituulizi, Mwalimu." Hatukumwelewa. Tulidhani anatafuta kisingizio, tukamwambia aketi.

Laiti tungalimsikiliza tungaliokoa siku nzima. Katika programu hiyo maandishi yote huandikwa kwa kufuata mtindo wa maandishi, yaani kanuni iliyowekwa kando yenye kutaja aina ya herufi, upana wake, mlalo wake na kimo chake. Ikiwa katika mtindo kimo kimewekwa kuwa sifuri, programu humwuliza mwandishi, kila aanzapo kuandika, herufi ziwe na kimo gani. Ikiwa kimo kimekwisha kutajwa humo, haiulizi tena. Hutumia kile ilichopewa. Mtindo wetu ulikuwa umefungwa kwenye milimita 2.5, na aliyeufunga ni mmoja wetu, katika juma la kwanza la mafunzo, kwa nia njema ya kuwarahisishia wanachuo kazi. Yule kijana alikuwa amesema ukweli mtupu kwa maneno mawili.

Tulipourudisha mtindo kwenye sifuri tulitarajia maneno yote ya zamani yakue mara moja. Hayakukua. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo tangu siku ile tumelitumia mara nyingi katika somo la hisabati. Ukibadilisha aina ya herufi ndani ya mtindo, maneno yote yaliyokwisha kuandikwa kwa mtindo huo hubadilika pamoja, hata yakiwa mia tatu. Lakini ukibadilisha kimo, yale ya zamani hubaki kama yalivyo. Mapya tu ndiyo yatakayofuata. Kwa hiyo palikuwa na kazi mbili tofauti: kuirekebisha kanuni, na kuyakusanya maneno yaliyozaliwa chini ya kanuni mbaya ili nayo yarekebishwe. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume. Tulikuwa tukilisahihisha neno moja moja huku kanuni ikiendelea kuzaa mengine.

Mwanachuo atakayekwenda kufundisha darasa la tatu atakutana na mtoto anayeandika kwamba 52 kutoa 38 ni 26. Akimwekea alama ya kosa na kumwandikia 14 kando, atakuwa amelirekebisha neno moja. Kesho mtoto yule yule ataandika kwamba 71 kutoa 45 ni 34, kwa sababu anayo kanuni yake, nayo yamwambia atoe tarakimu ndogo katika kubwa popote ilipo, juu au chini. Hakusinzia. Ameitii kanuni yake kwa uaminifu kabisa. Lakini hata baada ya kumpa kanuni iliyo sahihi, madaftari yake ya nyuma hayatajisahihisha yenyewe, na yafaa ayarudie kwa mkono wake. Wapo walimu watakaosema kuwa huko ni kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani nao.

Palitokea pia kioja kidogo. Neno "mng'aro", tulilolinakili kutoka programu nyingine ya uandishi, lilichapwa "mng?aro". Alama yetu ya king'ong'o, iliyopindishwa na ile programu ya kwanza kwa ajili ya urembo, haikuwamo katika fonti tuliyoichagua, na penye herufi isiyomo huwekwa alama ya kuuliza. Tuliifuta, tukaipiga ile iliyonyooka, yakaisha.

Baada ya maandishi ilifuata habari ya mwanga. Programu huweza kutoa picha ya chumba kana kwamba mtu amesimama mlangoni, ikiwa na taa na jua ndani yake. Picha ya kwanza ya wanachuo ilikuwa angavu ingawa hawakuwa wameweka taa hata moja. Hilo lilitupumbaza. Pasipokuwa na taa, programu huazima mwanga wake yenyewe kutoka nyuma ya bega la mtazamaji, ili asitazame giza. Wanachuo walipoweka taa nne za dari, ule mwanga wa kuazima ukazimwa, na chumba kikawa cheusi kama tanuri la mkaa. Tuliwashauri waongeze nguvu ya taa. Wakaongeza mara mbili, kisha mara kumi. Sakafu ikapata madoa manne meupe, na dari na kuta vikabaki gizani.

Mwanachuo mmoja wa kike aliligeuza jengo akalitazama kutoka ubavuni badala ya kutoka juu. Akacheka, akatuita. Taa zetu zote nne zilikuwa zimelala sakafuni kama maembe yaliyodondoka. Walikuwa wameziweka kwa kubofya juu ya ramani, na anayebofya juu ya ramani ametaja mahali kwa upande wa mashariki na wa kaskazini tu. Kimo hakukitaja, na programu imekichukulia kuwa sifuri. Taa zilipoinuliwa hadi milimita 2,400 chumba kiliangaza, nasi tukazirudisha zile nguvu tulizoziongeza bure. Katika ramani ya juu kila kitu kilikuwa mahali pake. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku.

Sasa tufike kwenye jua, na hili tunalieleza kwa haya kidogo.

Tuliiamuru programu ituonyeshe jua la 21 Juni mchana, kwa kuwa Juni na Julai ni miezi ya masomo na anga huwa wazi. Picha ilionyesha jua likiupiga ukuta wa kusini. Tukajaribu Aprili, tukajaribu Septemba. Jua likakaa kusini vile vile. Kwa hiyo tuliishauri kamati kwamba baraza ijengwe kusini ili ikinge jua, na madirisha makubwa yawe kaskazini, ambako kutakuwa na mwanga tulivu usiochoma. Picha ilibandikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wazee wakaitazama, wakakubali, na vigingi vya baraza vikapigwa upande wa kusini.

Juma lililofuata, yule mwanachuo aliyeziona taa sakafuni alikuja mlangoni petu mchana akiwa na jasho. Alisema, "Mwalimu, samahani. Nimesimama uwanjani, na kivuli changu kimelala kusini." Tulimjibu kwamba labda amekosea pande za dunia. Akasema amelitazama kanisa, ambalo anajua limeelekea wapi. Tukamwambia kompyuta haiwezi kukosea hesabu ya jua. Jibu hilo tulilitoa kwa sauti ya mtu mwenye hakika, mbele ya wenzake watatu, nasi twalikumbuka vizuri.

Ilitubidi kutoka nje. Tulisimika kijiti cha mita 1 kikiwa wima, tukangoja hadi kama saa sita na nusu, wakati ambapo kwetu jua hufika juu kabisa. Kivuli kilikuwa na urefu wa sentimeta 58 hivi, nacho kilielekea kusini bila shaka yoyote. Tuliporudi ndani na kufungua mahali pa kutajia eneo la jengo, tulikuta latitudo ya digrii 37.795 kaskazini na jina la mji wa San Francisco, Marekani. Hatukuwa tumeiambia programu tuko wapi. Ilikuwa imebaki na mahali ilipoanzia, na hesabu yake ya jua la San Francisco ilikuwa sahihi kabisa. Huko mchana wa Juni kijiti kile kile hutupa kivuli cha sentimeta 26 hivi kuelekea kaskazini.

Sisi tuko latitudo ya karibu digrii 6.8 kusini, sawa na Dar es Salaam. Jua la mchana hukaa upande wa kaskazini kwetu tangu mwanzo wa Machi hadi karibu na 10 Oktoba, yaani zaidi ya miezi saba, na sehemu kubwa ya siku za masomo imo humo. Mwishoni mwa Juni huwa limeinama kama digrii 30 kutoka utosini. Dirisha ambalo kingo yake ya juu iko mita 2.1 kutoka sakafuni lingeruhusu jua hilo, bila kuhesabu ukingo wa paa, kuingia sentimeta 80 hivi ndani ya chumba kwa kimo cha dawati. Safu nzima ya watoto wa dirishani ingekuwa juani, na karatasi nyeupe mbele yao iking'aa machoni. Nasi ndio tuliowaelekeza wazazi kupafungua mahali hapo.

Tulirudi kwa kamati, sisi pamoja na yule mwanachuo, tukamwomba yeye aeleze. Alieleza kwa kijiti, si kwa kompyuta. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuezeka alitikisa kichwa akasema, "Walimu wetu, jua la kipupwe tunalijua kuwa hukaa kaskazini. Siku ile tulishangaa. Lakini mlikuja na mashine, tukadhani labda inajua zaidi." Hakusema kwa kejeli. Tungaliona nafuu kama angalisema kwa kejeli. Msingi ulikuwa haujachimbwa. Vigingi vikang'olewa na kupigwa upande wa kaskazini.

Lilibaki suala la ubao. Sasa madirisha makubwa yangekuwa kusini, na tulipendekeza ubao uwe ukuta wa magharibi, ili mwanga mwingi umfikie mtoto kutoka kushoto, mkono wake usitie kivuli juu ya anachoandika. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo tunavyofundisha. Yule kijana wa "haituulizi" alinyoosha mkono, wa kushoto, akauliza kivuli cha mkono wake kitaangukia wapi. Hatukuwa na jibu la kumpa. Madirisha ya upande wa baraza yakapanuliwa katika mchoro hadi yakalingana na ya kusini, na baraza yenyewe ikapunguzwa upana kidogo ili isiuzuie mwanga.

Kijiti hatukukiondoa. Wanachuo walikizungushia mawe na kukipaka chokaa, na kila mwezi mmoja wao hupima kivuli mchana na kuandika kipimo katika daftari. Katika juma la kwanza la Desemba kivuli kilikuwa kimehamia upande wa kaskazini, sentimeta 27 hivi, na mwanachuo mgeni wa mwaka wa kwanza akaja kutuarifu kwamba kuna mtu amekigeuza kijiti.