Mama Anataka Nyumba ya Namna Gani?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, utaona katikati ya migomba nyumba kubwa sana zilizofungwa. Nyingine ni za ghorofa, zina nguzo nene mbele, madirisha ya vioo vya giza na geti la chuma. Mwezi wa Desemba geti hufunguliwa, magari yakajaa uani, mbuzi akachinjwa, na watoto wa mjini wakakimbizana kwenye ngazi. Baada ya mwaka mpya geti hufungwa tena. Na mara nyingi, ukizunguka nyuma ya nyumba hiyo, utaona moshi ukitoka katika jiko dogo la mabati. Humo ndimo anamoishi mama mwenye nyumba.

Mimi nimeolewa Machame, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikienda huko kila mwisho wa mwaka. Nimeona nyumba nyingi za zamani zikibomolewa ili zijengwe kubwa zaidi. Sisemi kwamba kujenga ni vibaya. Mtoto anayemkumbuka mama yake kwa kumjengea ni baraka, na wako akina mama wengi ambao watoto wao hawawakumbuki hata kwa kilo ya sukari. Lakini ningependa tuzungumze, akina mama wenzangu, juu ya swali moja: tunapobomoa nyumba ya mzazi ili tujenge kubwa, tunamjengea nani?

Nyumba zilizojengwa na kahawa

Nyumba zinazobomolewa siku hizi si zile za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Hizo zilikwisha siku nyingi. Zinazobomolewa sasa ni nyumba za baba na babu zetu, nyingi za miaka ya 1950 na 1960. Chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1933, na bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1950, fedha zake zilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati.

Nyumba ya mama mkwe wangu ni mojawapo. Ina vyumba vitatu na sebule, msingi wa mawe, ukuta wa matofali ya kuchoma, na kibaraza mbele kinachotazama migomba. Darini palihifadhiwa kahawa iliyokauka, ikisubiri siku ya kupelekwa chamani. Baba mkwe alinunua mabati kidogo kidogo, kila msimu wa kahawa kadiri alivyojaliwa. Mawe ya msingi yalitoka mtoni, na mama aliyabeba mengi kichwani akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Akikuonyesha kona ya nyumba anaweza kukuambia ni mwaka gani ilijengwa na shuleni alikuwa nani.

Milango na madirisha ni ya mbao ngumu za msitu wa mlimani. Mbao za namna hiyo huwezi tena kwenda kuzikata. Tangu mwaka 2005 msitu ule umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Hata hivyo nimeona milango kama hiyo ikipasuliwa kuwa kuni siku ya kubomoa.

Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyoweka viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Mashamba yenyewe yalikuwa yamekwisha kugawanywa mara nyingi kwa watoto. Basi vijana walishuka kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha, na nguvu ya kujenga ikahama kutoka shambani kwenda mjini. Anayejenga siku hizi haishi katika nyumba anayoijenga. Naona hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Ramani mezani

Kwa mila ya Wachagga, nyumba ya baba na mama humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Katika familia yetu ni shemeji yangu, ambaye ni mfanyabiashara Dar es Salaam. Desemba ya mwaka 2019 aliitisha kikao, akatandaza ramani mezani: nyumba ya ghorofa moja, vyumba saba, kila chumba na choo chake, na jiko la kisasa ndani. Nyumba ya zamani ingebomolewa Januari, na mama angehamia kwa mtoto wake mkubwa Arusha mpaka ujenzi ukamilike.

Shemeji si mtu wa kujionyesha. Alieleza kwa uchungu jinsi walivyolala watoto watano sebuleni, na jinsi alivyojiwekea nadhiri kwamba mama yake hatamalizia siku zake katika nyumba yenye giza. Pia alisema kweli kwamba wageni wa Krismasi hulala chini, na kwamba bati la upande mmoja linavuja.

Mimi nilikuwa nikimfikiria mama wa jirani. Watoto wake walimjengea nyumba nzuri yenye marumaru zinazong'aa. Wakati wa masika aliingia na miguu yenye maji, akateleza, akavunjika nyonga. Alipopona alianza kuiogopa sakafu ile. Ngazi hawezi kupanda. Mwezi wa Julai, baridi ya mlimani inapozidi, vile vyumba vikubwa haviwezi kupata joto, naye akiwa peke yake usiku hajui ni dirisha gani limegonga. Taratibu alihamisha kitanda chake jikoni, mahali penye moto na anaposikia ng'ombe wake. Watoto wanasema mama amekuwa mkaidi.

Sisi wakwe hatusemi sana katika vikao kama hivyo. Wifi yangu mkubwa ndiye aliyeuliza, "Mama, mbona umenyamaza? Wewe unasemaje?"

Mama akasema, "Ramani ni nzuri, wanangu, nawashukuru. Vyumba saba. Mtakuja siku kumi, mtarudi kazini. Naona hii ni nyumba ya msiba wangu, ili watu wapate pa kukaa. Mimi bado sijafa. Miaka yote hii nakwenda chooni usiku na mvua inaninyeshea, na hakuna aliyeniambia kwamba choo kinaweza kujengwa bila kubomoa nyumba."

Hakuna aliyeongea kwa muda. Shemeji alikunja ramani yake, akatoka nje.

Tulivyofanya

Baada ya siku mbili aliitwa fundi mzoefu. Alikagua msingi na kuta, akaona ni imara. Mbao chache za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa, na bati la upande mmoja lilikuwa limeoza. Kwa fedha ambazo zisingetosha hata msingi wa ghorofa, tulifanya haya: paa lilitengenezwa, madirisha yalipanuliwa na kuwekwa vioo, umeme ukaingizwa upya, na choo na bafu vikaunganishwa na chumba cha mama. Sakafu ya bafu ni ya saruji isiyoteleza, na kuna bomba la kushika ukutani. Baadaye kilijengwa kijumba cha wageni upande ambao haukugusa kahawa wala migomba. Hilo nalo ni la kuangalia, maana nyumba kubwa humeza shamba lile lile linalomlisha mama.

Shemeji hajaridhika kabisa mpaka leo. Husema siku mama atakapokuwa hayupo atajenga anavyotaka, na hiyo ni haki yake. Lakini ndiye aliyelipia choo.

Kabla hamjabomoa

Si kila nyumba ya zamani inafaa kuhifadhiwa. Zipo zenye nyufa za msingi, zipo za udongo zilizokwisha kuliwa na mchwa, na kumwacha mzazi humo kwa sababu tu sisi tunapenda kumbukumbu ni ukatili. Yafaa basi kuchunguza mambo machache.

Kwanza, fundi aikague nyumba ya zamani kabla ya mtu yeyote kuchora mpya. Asiwe yule yule anayetarajia kupewa kazi ya kujenga.

Pili, hesabuni watu watakaolala humo mwezi wa Mei, si mwezi wa Desemba.

Tatu, pigeni hesabu ya kuitunza: rangi, umeme, mlinzi, na popo wanaoingia darini nyumba isipokaliwa.

Nne, kama ni lazima kujenga, chumba cha mzee kiwe chini, karibu na choo, chenye sakafu isiyoteleza. Jiko lake la kuni lisivunjwe mpaka aseme mwenyewe kwamba halihitaji.

Tano, kama ni lazima kubomoa, vueni milango, madirisha na mbao kwa uangalifu mzitumie tena, na pigeni picha ya familia mbele ya nyumba kabla bati la kwanza halijashuka.

La mwisho nawaambia dada zangu, hasa sisi tulioolewa, kwa kuwa ndio tunaokaa na mama jikoni wakati wanaume wako kikaoni. Mama akiulizwa mbele ya watu wote anataka nyumba gani, huenda akajibu, "Mtakavyoona ninyi." Msiridhike na jibu hilo. Wanawake wa rika lake walifundishwa kujibu hivyo. Mwulize tena mkiwa wawili, mnamenya ndizi, halafu lile atakalokuambia ulipeleke kikaoni kabla fundi hajaja kupima.