Nyota Tuliyomwonyesha

Mwaka 1970, Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza jinsi alivyowalea makinda ya ndege wadogo wahamao usiku chini ya mbingu bandia. Kwa kawaida, kabla ya safari yao ya kwanza, makinda haya hutazama nyota zikizunguka na kuitambua sehemu isiyosogea. Hiyo kwao ni kaskazini. Emlen aliifanya mbingu yake izunguke Betelgeuse, nyota nyekundu ya kundi la Orion. Msimu wa kuhama ulipofika, ndege walirukaruka vizimbani wakiipa mgongo Betelgeuse. Nyayo zao zenye wino zilionyesha wanakokutaka: "kusini".

Unaweza kuwacheka. Mimi nilimkumbuka kaka yangu.

Mbingu ya nyumbani kwetu ilizunguka nyota moja: ajira ya serikali. Baba alikuwa mwalimu, na mshahara wake ndio uliotusomesha. Kaka naye akahitimu ualimu, akaomba kila tangazo lilipotoka. Huu ni mwaka wa sita. Shangazi anasema kijana amepotea. Mimi sikubali. Kaka anaifuata kwa uaminifu nyota aliyoonyeshwa, na walioizungusha mbingu ni sisi.

Mdogo wetu yuko kidato cha nne, ameanza kuuliza asome nini. Baba ameshamjibu. Nimemwomba anipigie na mimi, tuongee taratibu, kabla hajaruka.