Odi, Mkeka na Ile Namba 1.07

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya kuhifadhi data, lakini itabidi isubiri, kwa sababu Ijumaa jioni mpwa wangu alinijia ofisini na jambo lililonikosesha usingizi.

Kawaida yeye hupiga simu kwanza. Siku hiyo alipanda tu ngazi mpaka ghorofa ya nne, hapa Moi Avenue, akaketi kando ya meza yangu na kungoja wenzangu watoke. Kisha akanipa simu yake nione. Ulikuwa mkeka wa mechi 11, dau shilingi 2,000. Mechi 10 zilikuwa na tiki ya kijani, moja ilikuwa nyekundu.

"Anko, ni moja tu imenichomea. Ningekuwa na elfu themanini na moja saa hii," akasema. "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Niandikie programu ya kutabiri. Nitakulipa nikishinda."

Ilinichukua muda kumtoa yale mengine. Zile 2,000 zilikuwa za karo. Dada yangu alikuwa amekopa 38,000 kwenye chama chake, akamtumia kijana kwa M-Pesa akalipe chuoni, maana anasomea mambo ya umeme. Zilikuwa zimebaki 14,000, na usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa wiki iliyofuata.

Nikamwambia tupande 46 twende nyumbani, tutaongea njiani. Kama unaijua foleni ya Hurlingham saa kumi na mbili jioni, unajua nilikuwa na muda wa kumfundisha hata kalkulasi :-)

Nilichogundua ndani ya matatu ni kwamba kijana huyu amebeti miaka miwili na anayajua maneno yote, lakini maana zake hazijui. Nadhani hayuko peke yake. Kwa hivyo nimeona niyaandike hapa kama nilivyomweleza.

Tuanze na 1X2, ambayo kila mtu anadhani anaielewa. Moja ni timu ya nyumbani kushinda, X ni sare, mbili ni mgeni kushinda. Rahisi. Lakini hesabu hufungwa baada ya dakika 90 na zile za majeruhi. Muda wa ziada na penalti havimo. Kumbuka fainali ya Kombe la Dunia pale Qatar, tarehe 18 Desemba 2022. Argentina walibeba kombe, lakini dakika 90 ziliisha 2-2, muda wa ziada ukaisha 3-3, ndipo wakashinda kwa penalti. Aliyeweka Argentina kwenye 1X2 alipoteza, aliyeweka X ndiye aliyelipwa. Usiku ule kuna watu walioshangilia ushindi wa Messi na kisha wakaanza kupiga simu za malalamiko.

Ova 2.5 ni mabao matatu au zaidi, anda 2.5 ni mawili kushuka chini. Ile nusu imewekwa ili asipatikane wa katikati, kwa kuwa hakuna nusu bao. GG ni timu zote mbili kufunga. Dabo chansi ni kuchukua matokeo mawili kati ya matatu, kwa mfano 1X, na bila shaka malipo yake yanashuka. Hayo nayapita haraka, si pale pesa zinapopotelea.

Pesa zinapotelea kwenye odi. Odi ya 2.10 maana yake ukiweka 100 na kushinda, unarudishiwa 210, na ndani ya hizo 210 imo ile 100 yako. Faida ni 110. Mwingereza aliyezoea farasi angeiandika 11/10, namba tofauti lakini jambo ni lile lile. Sasa geuza odi: gawa 1 kwa 2.10, unapata 0.476, yaani karibu asilimia 48. Hiyo ndiyo nafasi ambayo odi inadai timu hiyo inayo ya kushinda.

Nilimwambia achukue simu yake afungue kikokotoo. Nikampa mfano wa kubuni, Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards: Gor 2.10, sare 3.10, Ingwe 3.60. "Geuza zote tatu, ujumlishe."

Akapiga: 0.476, na 0.323, na 0.278. Jumla 1.077.

"Anko, imepita moja."

Naam. Mechi lazima iishe kwa mojawapo ya matokeo hayo matatu, kwa hivyo jumla ya kweli haiwezi kupita asilimia 100. Ile 7.7 iliyozidi ni ya kampuni. Ukitaka kuweka pesa kwenye matokeo yote matatu ili urudishiwe 100 liwe liwalo, itakugharimu karibu 108. Hakuna wizi hapo wala hakuna aliyepanga mechi. Ni bei tu, kama vile muuzaji wa Luthuli Avenue anavyonunua simu kwa bei moja na kuiuza kwa nyingine. Tofauti ni kwamba muuzaji wa simu hakwambii ukija kila siku utatajirika.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwaka 2018 nilifanya kazi ya mkataba kwa miezi mitano katika kampuni moja ya kubeti ambayo sitaitaja. Sehemu yangu ilikuwa ndogo: kupokea makadirio ya kila mechi kutoka kwa wauza data wa nje, na kuyageuza yawe odi za kuonekana kwenye simu. Msimbo wenyewe haukufika mistari 200. Na ndani ya faili ya mipangilio kulikuwa na kigezo kimoja, thamani yake 1.07. Kila kadirio lilizidishwa kwa namba hiyo kabla ya kugeuzwa kuwa odi. Basi. Biashara yote, matangazo yote, jezi zote, zilikaa juu ya mstari huo mmoja. Niliuandika nikaenda kula chakula cha mchana. Julai 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27 nilikuwa nimeshaondoka, na sikuifikiria tena ile namba mpaka Ijumaa, tukiwa tumekwama kabla ya Yaya.

Turudi kwenye mkeka. Multibeti ni kufunga mechi nyingi pamoja ambapo odi zinazidishana, na zote lazima ziingie. Mkeka wa kijana ulikuwa na mechi 11, kila moja kama 1.40, timu kubwa zikicheza nyumbani, zile watu wanaziita za uhakika. 1.40 ukiizidisha mara 11 unapata 40.5, ndiyo 2,000 zikaonekana kama 81,000. Inavutia sana. Lakini ile 1.07 nayo inazidishana mara 11! Kwenye mechi moja kampuni inabakiza kama shilingi 7 kwa kila 100. Kwenye mkeka wa mechi 11 inabakiza zaidi ya 52. Sasa unaelewa kwa nini wanakupa bonasi ukiongeza mechi. Wanakurudishia sehemu ndogo ya walichokwisha kukukata.

Na ile "moja tu imenichomea"? Tulifika nyumbani, Kawangware 56, nikafungua laptopu na kuipiga hesabu mbele yake. Timu ya 1.40, ukiondoa ile 1.07, ina nafasi kama asilimia 67 ya kushinda. Mechi zote 11 kuingia ni mara 1 katika 85. Lakini kukosa moja kamili ni mara 1 katika 16 hivi. Yaani "nimekosa moja tu" hutokea zaidi ya mara tano kuliko kushinda. Kijana alikuwa ameichukua kama dalili kwamba anakaribia, kumbe ndivyo mkeka wa namna hiyo unavyopotea siku nyingi tu.

Jakpoti ni mtoto wa familia hiyo hiyo. Mnamkumbuka Samuel Abisai, Februari 2017, aliyepata shilingi 221,301,602 kwa kubashiri mechi 17. Ofisi yetu yote ilicheza wiki iliyofuata, na mimi nikiwemo. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinatoa michanganyiko 129,140,163. Hata ukiwa mjuzi kiasi cha kupatia nusu ya mechi zako, bado ni mara 1 katika 131,072. Sikufanya hesabu hiyo siku ile, na mimi ndiye mtu wa kompyuta.

Kashauti ni kuuza mkeka kabla haujaisha. Wazo si baya, ila bei anayeipanga ni mnunuzi, na humo naye anaweka faida yake mara ya pili. Halafu kuna kodi. Sheria ya Fedha ya 2025 iliondoa ushuru wa asilimia 15 kwenye dau na kuweka asilimia 5 kwenye pesa unazoingiza kwenye akaunti, pamoja na asilimia 5 unapozitoa. Imeshuka, lakini sasa unakatwa hata kabla hujachagua mechi.

Pale Ngong Racecourse, ambapo farasi wamekimbia tangu 1954, kuna mtindo mwingine: pesa za wote zinawekwa kwenye chungu kimoja, mwenye uwanja anakata chake, zinazobaki wanagawana walioshinda. Odi zinabadilika mpaka farasi watoke. Angalau pale unamwona mkatwaji akiwa kazini. Nimetoka nje ya mada, samahani.

Niliyemwogopa zaidi ni ule mchezo wa ndege, Aviator, kwa sababu nao ulikuwa kwenye simu yake, na kando yake programu ya "kutabiri" aliyouziwa kwenye Telegram kwa 1,500. Watengenezaji wa Aviator, Spribe, wenyewe wanasema mchezo unarudisha asilimia 97. Yaani 3 kwa kila 100 zinabaki, na raundi moja ni sekunde chache, kwa hivyo kufikia usiku pesa zile zile umezizungusha mara mia. Na mtabiri hawezi kuwepo. Ndege itaanguka wapi hutokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza wa raundi, kisha zote zinasagwa kwa hashi. Kabla ya raundi, mchanganyiko huo haujakamilika. Programu ile ilikuwa inatoa namba za bahati nasibu tu. Niliifungua nikaona. Msimbo wake ulikuwa hovyo hata kwa utapeli.

"Sasa si uniandikie yako, iliyo sawa?" akauliza. Bado!

Basi nikamwandikia. Mistari 30 hivi. Watu 10,000, kila mmoja anaweka mkeka wake wa mechi 11 kwa shilingi 100 kila wiki, mwaka mzima. Nikamwacha abonyeze mwenyewe. Watu kama 5,400 hawakushinda hata mara moja. Kama 3,300 walishinda mara moja, wakafurahi, na bado walikuwa hasara. Waliomaliza mwaka wakiwa mbele walikuwa kama 1,200. Alipoona hao 1,200 uso ulichangamka, na mimi nikaelewa kitu: hao ndio anaowajua. Hao ndio wanaopiga picha ya mkeka na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Wale 5,400 hawatumi chochote.

Aliendesha mara nne au tano. Kisha akausoma msimbo, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hii 1.07 ndiyo ile?"

"Ndiyo."

Akaifuta, akaandika 1.00, akabonyeza. Waliokuwa mbele wakapanda hadi 3,700 hivi. Akatazama kwa muda mrefu. Nilidhani ataniuliza mbona hata bila kampuni kukata bado wengi wanapoteza, nikawa nimeshaandaa jibu.

"Anko, walikulipa ngapi kuandika hiyo namba?"

Nilimwambia ukweli. Ilikuwa zaidi ya karo yake ya mwaka mzima. Hakusema neno. Alitoka nje kumpigia mama yake, na kutoka mlangoni nilimsikia akianza vizuri, kisha akinyamaza, kisha dada yangu akiongea peke yake kwa muda mrefu.

Usajili wa mtihani niliulipa Jumatatu, moja kwa moja kwa chuo. Mkopo wa chama bado uko pale pale. Dada yangu hajanipigia simu tangu siku hiyo, na sijui kama kijana alimweleza na hiyo sehemu yangu.