Pweto: Mhami naye ana kioo chake

Asubuhi, upepo ukitulia, ziwa Moero linakuwa kioo. Hapa Pweto, pale mto Luvua unapotoka ziwani, mama akiinama kuchota maji anaona kwanza uso wake. Akitia ndoo, uso unavunjika. Akingoja kidogo, unarudi.

Anayejua hilo ataelewa haraka kazi ya Pamela Tulizo, mpiga foto wa kike kutoka Goma. Katika foto alizoziita « Double Identité », mwanamke yuko na kioo, na sura iliyo ndani ya kioo si sawa na ile iliyo nje. Mwaka 2020 alishinda tuzo ya foto ambayo kampuni ya Dior ya Ufaransa inawapa wasanii vijana.

Kwa nini kioo? Mwanamke wa mashariki mwa Kongo amezoea kupigwa foto na wageni siku ya taabu: godoro kichwani, mtoto mgongoni. Foto hiyo si ya uongo, lakini ni upande mmoja tu. Haionyeshi kwamba mama huyo anauza sokoni, anaimba kanisani, anapenda kitambaa kizuri. Tulizo, mtoto wa Goma, anamrudishia nafasi ya kujitazama.

Goma yenyewe haina uhakika hata chini ya miguu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Pweto haina volkano, lakini inajua kukimbia. Desemba 2000, vita ilipofika hapa, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Zambia. Mwenye kubeba mtoto na sufuria hakuwa na mkono wa kubeba foto ya ndoa.

Kwa jamaa za wahami, hiyo si hasara ndogo. Mtoto anauliza babu alifanana na nani, na hakuna cha kumuonyesha.

Leo simu imefika katika nyumba nyingi. Basi mtu asingoje mgeni aje kupiga foto ya shida. Jamaa wajipige wenyewe siku ya ubatizo, siku ya kuvuna muhogo, mbele ya mlango wao, hata kama ni wa nyumba ya majani. Kisha wamtumie ndugu aliye mbali, maana simu nayo inapotea njiani. Siku mtoto atakapouliza, foto itakuwa mahali fulani.