Tulisafiri na Imbwa Yetu Mpaka Sakania

Familia nyingi za inchi yetu ya migodi zinahama kufuata kazi. Wanafunga vitanda, masufuria na magodoro. Lakini imbwa ya nyumba, nani anamtengenezea safari?

Mwaka ule tulitoka Lubumbashi kwenda kukaa Sakania, kule kusini-mashariki, karibu na mpaka wa Zambia. Ni muji wa zamani: reli kutoka Ndola ilifika pale mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Sisi tulipanda kamio, mwezi wa kumi, wakati jua linachoma mbele ya mvua.

Dereva akasema: "Pasta, imbwa ni imbwa tu. Tumufunge kule yulu ya mizigo." Nikakubali. Tukamfunga kwa kamba fupi, chini ya turubai.

Tuliposimama njiani, mtoto wangu wa pili alipanda kumwangalia. Akapiga kelele: "Papa, kuya! Imbwa iko nakufa!" Alikuwa amelala, ulimi nje, mate mengi, hata jina lake hakusikia tena. Kosa halikuwa la dereva. Mimi ndiye niliyekubali.

Imbwa hatoi jasho mwili muzima kama mtu. Anajipoza kwa kuhema. Pahali pa moto pasipopita hewa, kuhema hakumsaidii. Tulimshusha kwenye kivuli, tukammwagia maji ya bido mwili muzima, tukampepea kwa kitenge. Hatukumlazimisha kunywa. Alipoinua kichwa ndipo tukampa maji kidogo kidogo. Safari iliyobaki alikaa mbele, miguuni pa watoto, na Sakania akafika mzima.

Basi, kama mnataka kusafiri na nyama wenu, shikeni haya:

Mupelekeni kwa munganga wa nyama kwa sindano ya kichaa cha mbwa, mwezi mmoja mbele ya safari, na mutunze kartasi yake. Kama mutavuka mpaka, mumuulize mapema kartasi gani zinaombwa.

Mumpe chakula kidogo, masaa matatu ao mane mbele ya kuondoka. Maji musisahau.

Sanduku lake liwe na matundu mengi, naye aweze kusimama na kugeuka ndani. Paka vilevile. Hata kuku, musimtundike miguu yulu.

Musimfungie ndani ya motokari juani, hata kidogo. Kwa dakika 10 tu joto linaweza kupanda karibu digri 10.

Na imbwa akiuma mtu njiani, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu muende hospitali siku ileile. Dawa ya kuzuia ugonjwa huu iko tangu Pasteur, mwaka 1885. Lakini dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona.

Ndugu wazazi, siku ile mtoto wangu hakuniuliza kitu. Aliniangalia tu. Watoto wanajifunza huruma kwa kuona namna tunavyomtunza yule asiyeweza kusema.